Shajara ya mradi: kupima MTU na fremu za jumbo kwenye viendeshi vya kadi za mtandao

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na bakapu iliyoganda. Kila usiku saa nane seva ya mafaili inamwaga nakala zake kwenye mashine ya hifadhi iliyo chumba cha pili. Kwa siku nne mfululizo kazi ilianza, ikanakili mafaili machache madogo, kisha ikasimama kimya mpaka kunakucha. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Pingi, pakiti ndogo ya kuuliza kama mashine ipo, inajibu. Folda ya NFS (inayosomwa kupitia mtandao) inafunguka, na `ls` kwenye folda yenye mafaili matano inarudi papo hapo. Ila `ls -l` kwenye folda ya ankara, yenye mafaili mamia, haikurudi kabisa.

Asubuhi nilikutana koridoni na mama wa uhasibu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Ankara zangu za mwezi jana ziko salama?" Sikuwa na jibu la kweli la kumpa, na hilo limenikaa moyoni siku nzima. Nakala ambayo hujui kama ipo ni mbaya kuliko ile unayojua kwamba haipo.

Chanzo kilionekana mchana. Seva na mashine ya hifadhi zote mbili zimewekewa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ambayo mashine itatuma) ya baiti 9000, lakini swichi iliyo katikati haijaruhusiwa kupitisha fremu za jumbo, yaani zilizozidi 1500 ya kawaida. TCP, itifaki inayobeba mafaili haya, inapoanza, kila upande unautangazia mwenzake ukubwa wa kipande unachoweza kupokea, na hapa kila mmoja ulisema 8960. Wakakubaliana. Pakiti ndogo zilipita, kubwa zikatupwa na swichi. Na swichi ya tabaka la pili (inayopitisha fremu bila kusoma anwani za IP) haimtumii mtu taarifa: haina wajibu wa kusema "pakiti yako ni kubwa mno", kazi hiyo ni ya ruta. Mtumaji akaendelea kutuma upya kipande kilekile hadi asubuhi.

Usiku huu nimerudisha pande zote kwenye 1500 ili bakapu ipite. Kisha nimeomba wiki mbili. Hifadhi inahitaji jumbo kwa kweli, kwa sababu laini ya gigabiti 10 inakuja, lakini siweki tena 9000 popote kabla ya kuijua kila kadi tuliyonayo inafanya nini ikifika kwenye kikomo chake.

Orodha ya vifaa, pamoja na vikomo ambavyo kiendeshi chenyewe, programu inayoiendesha kadi, kinavitangaza (`ip -d link show` inaonyesha `minmtu` na `maxmtu`):

- Intel I350, kiendeshi igb: 68 hadi 9216
- Intel X540, kiendeshi ixgbe: 68 hadi 9710
- Realtek RTL8168 ya kwenye bodi, kiendeshi r8169: 68 hadi 9194
- Raspberry Pi 4, kiendeshi bcmgenet: 68 hadi 1500

Vikomo hivi kukaguliwa mahali pamoja ni jambo la toleo la 4.10 la Linux, la mwaka 2017. Kabla ya hapo kila kiendeshi kilijikagulia chenyewe ndani ya msimbo wake, na kila mwandishi alikagua kwa mtindo wake. Sasa ukaguzi unafanywa na kiini cha mtandao cha kerneli (moyo wa Linux), na kiendeshi kisichosema lolote kinapewa 1500. Pi nilipoiomba 9000 ilikataa hapo hapo, ikasema MTU imezidi kikomo cha kifaa. Nalipenda jibu hilo. Kifaa kinachokataa waziwazi hakimuumizi mtu.

Siku ya 2

Leo ni hesabu tupu, bila kugusa kebo. Nimejifunza kwamba nusu ya ugomvi kuhusu jumbo unatokana na watu wawili kutaja namba moja huku kila mmoja akihesabu kitu chake.

MTU ni shehena ya fremu: pakiti ya IP pamoja na vichwa vyake. Kichwa cha Ethaneti, baiti 14, hakimo. CRC ya mwisho, baiti 4 za kugundua makosa, haimo. Kwa hiyo MTU ya 1500 ni fremu ya 1518, na ikibandikwa lebo ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile) inakuwa 1522. Kwenye waya wenyewe ongeza baiti 8 za kuamsha na nafasi ya baiti 12 kati ya fremu na fremu: 1538.

Kwa pingi, toa baiti 20 za IPv4 na 8 za ICMP, itifaki ya pingi: 1472 kwa MTU ya 1500, na 8972 kwa 9000. Kwa IPv6 kichwa ni baiti 40, hivyo ni 1452 na 8952. Namba hizi nne nimeziandika kwa kalamu nene juu ya ubao.

Sasa tazama vikomo vya jana. igb inasema 9216, r8169 inasema 9194. Nilidhani Realtek ni ndogo kwa baiti 22. Lakini 22 ni 14 za kichwa, 4 za VLAN na 4 za CRC! Yaani r8169 imechukua 9216 kama fremu nzima, ikatoa vichwa vyote, ikatangaza kilichobaki. igb yenyewe inatangaza 9216 kama shehena, na fremu yake kamili inafika 9234. Kwenye swichi inayohesabu 9216 kama fremu nzima, na yetu inahesabu hivyo, kadi ya Intel ikiwekwa kwenye kikomo chake cha juu itatupiwa pakiti zake kubwa. Kiendeshi hakijakosea, wala swichi haijakosea. Aliyekosea ni anayesoma namba mbili zinazofanana akadhani ni kitu kimoja.

Kuhusu r8169 kuna jambo la kukumbuka kabla ya kununua: kikomo kinategemea toleo la chipu. Ndani ya kiendeshi kilekile kuna ngazi za kilobaiti 4, 6, 7 na 9, na chipu zisizofika gigabiti zinabaki 1500. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Realtek inabeba jumbo", muulize ni ipi.

Na kwa nini 9000? IEEE 802.3, kamati ya viwango vya Ethaneti, haijawahi kuifanya jumbo kuwa kiwango. Ilienea mwishoni mwa miaka ya 1990, ikisukumwa na kampuni ya Alteon, na namba yenyewe ina mantiki nzuri: inatosha bloku ya NFS ya baiti 8192 pamoja na vichwa vyake, na bado iko ndani ya urefu ambao CRC ya biti 32 inalinda vizuri, takribani baiti 11,000.

Faida yake kwa laini ya gigabiti 1: kwa MTU ya 1500 laini ikijaa inabeba fremu 81,274 kwa sekunde, kwa 9000 ni 13,830. Sehemu ya laini inayobeba data halisi ya TCP inapanda kutoka asilimia 94.9 hadi 99.1. Asilimia hizo nne si kitu. Kitu ni kwamba kichakataji kinashughulikia pakiti chini ya moja ya tano ya zile za awali.

Siku ya 3

Kabla ya kugusa kadi halisi nilitaka uwanja wa mazoezi ambao hauwezi kumharibia mtu kazi. Linux inaruhusu kutengeneza vyumba viwili vya mtandao ndani ya mashine moja na kuviunganisha kwa jozi ya veth, ambayo ni kama kebo ya kufikirika yenye ncha mbili:

`ip netns add a`
`ip netns add b`
`ip link add va netns a type veth peer name vb netns b`

Ncha ya a nikaipa MTU 9000, ya b nikaiacha 1500. Nikatuma pingi kutoka a, na `-M do` ili pakiti zisikatwe njiani. 1472 ilipita, kama inavyotarajiwa. 1473 nayo ikapita. Nilisimama hapo. Pakiti ya baiti 1501 imepokelewa na kiolesura chenye MTU ya 1500.

Nikapanda moja moja. 1474, 1475, 1476: zote zinajibiwa. 1477: kimya. Nikarudia mara kumi, na kila mara mpaka uko palepale, kati ya 1476 na 1477, yaani kati ya pakiti ya 1504 na ya 1505.

Maelezo yamo kwenye msimbo wa kerneli. Kabla ya kuikabidhi pakiti kwa ncha ya pili, inalinganisha urefu wake na MTU ya mpokeaji, ikijumlisha kichwa cha Ethaneti na baiti 4 za akiba kwa ajili ya lebo ya VLAN. Pakiti zangu hazina lebo, kwa hiyo zile baiti nne zinabaki wazi na shehena inaweza kuzitumia.

Nikafungua tcpdump, programu ya kunasa pakiti, upande wa b nikiwa natuma 1476. Ombi linaingia likiwa zima, baiti 1504. Jibu linatoka likiwa vipande viwili: cha kwanza baiti 1500, cha pili baiti 24, kichwa cha baiti 20 na data ya baiti 4 tu. Baiti nne zimepanda gari lao peke yao! Upande wa a vinaunganishwa upya na pingi inasema yote ni shwari.

Nimekaa na picha hiyo muda mrefu kwa sababu ndani yake kuna mradi wote. MTU ni ahadi ya mtumaji: sitatuma zaidi ya hapa. Haisemi chochote kuhusu kinachoweza kupokelewa. Veth inapokea hadi baiti nne za ziada. Kadi nyingine inaweza kukata palepale, au ikapokea zaidi. Na pingi iliyojibiwa si ushahidi kwamba njia ni sawa kwenda na kurudi, kwa maana ombi na jibu vinaweza kuwa vimesafiri kwa maumbo mawili tofauti.

Kwa hiyo uamuzi: kila kipimo kifanywe pande zote mbili, kila upande peke yake, na mpokeaji ndiye anayeandika alichokiona. Pingi itabaki kwa ukaguzi wa haraka tu.

Siku ya 5

Skripti ya kwanza imekamilika. Inatuma UDP (itifaki isiyotuma upya kilichopotea) yenye mpangilio maalumu: kila baiti nne ni namba ya nafasi yake ndani ya pakiti. Mpokeaji anahesabu urefu, kisha anakagua kila namba. Nimeongeza ukaguzi huo kwa makusudi. Kiendeshi kinapokea fremu kubwa kwa kuigawa kwenye bafa (sehemu za kumbukumbu) kadhaa, igb kwa mfano kwenye vipande vya kilobaiti mbili au tatu, kisha kinaviunganisha. Kosa la kuunganisha linaweza kuleta pakiti yenye urefu sahihi na matumbo mabovu. Urefu peke yake hautoshi.

Soketi naiwekea hali ya `IP_PMTUDISC_PROBE`, ili pakiti isikatwe na pia kerneli isinizuie kwa kukumbuka MTU ya njia ya zamani.

Saizi nazipanga kwenye mipaka, si katikati: 68, 576, 1280, kisha 1499, 1500, 1501, 1504, 1508, halafu jirani za 2048 na 4096, halafu 8999, 9000, 9001, na mwisho kikomo cha kiendeshi, chini yake kwa moja na juu yake kwa moja. Wanaopima 64, 512, 1500 na 9000 tu wanaruka palepale penye mashimo.

68 inatoka RFC 791, waraka wa kanuni za IPv4 wa mwaka 1981: kichwa cha IPv4 kikiwa kirefu kabisa ni baiti 60, na kipande kidogo kabisa cha data ni baiti 8.

Na 68 ndiyo iliyonikata leo. Skripti ilishusha MTU ya I350 hadi 68, na hapo hapo dirisha langu likafa. Nilikuwa nimeingia kwenye mashine kwa anwani ya IPv6 iliyo kwenye kadi ileile. IPv6 inadai kila kiungo kibebe angalau baiti 1280, hivyo Linux ikiona kiolesura kimeshuka chini ya hapo inaizima IPv6 juu yake na kuondoa anwani. Nilishuka chumba cha seva na kibodi mkononi. MTU nilipoirudisha juu, anwani ya ndani ya kiungo ilizaliwa upya yenyewe, ila ile niliyoandika kwa mkono haikurudi. Ilibidi niiandike tena.

Marekebisho mawili: skripti inahifadhi anwani zote kabla ya kuanza na kuzirudisha mwisho, na kuanzia leo naingia kwa kadi ya usimamizi ambayo haimo kwenye vipimo.

Siku ya 6

Kijana wa mafunzo kazini ameungana nami. Ameniletea matokeo ya igb kupitia swichi: karibu kila saizi imefeli mara ya kwanza na kufaulu mara ya pili.

"Kaka, hii kadi mbovu?"

"Hapana mdogo wangu. Tazama taa ya poti nikibadilisha MTU."

Taa ikazima, ikawaka. igb inapobadilishiwa MTU inashusha kadi na kuipandisha upya, na kiungo kinakatika. Swichi nayo ikiona kiungo kipya inaendesha itifaki ya kuzuia mizunguko: sekunde 15 za kusikiliza, sekunde 15 za kujifunza, ndipo inaruhusu data. Nusu dakika nzima pakiti zetu zilikuwa zinagonga mlango uliofungwa. Sasa skripti inasubiri pingi ndogo ijibiwe mara tatu mfululizo ndipo inaanza kupima. Kwa mashine za hifadhi nimeziweka poti kwenye hali ya ukingo, ambayo hairudii kusubiri huko.

Nimeandika pia kwenye karatasi ya kazi: kubadilisha MTU kwenye seva inayotumika ni kukata huduma. Isifanywe mchana.

Siku ya 8

Vipimo vya kebo ya moja kwa moja, I350 dhidi ya X540, bila swichi. Vimekamilika pande zote.

MTU zikiwa sawa pande zote mbili, 1500, 9000 na 9216, kila saizi hadi kikomo imepita na kila namba ndani ya pakiti iko mahali pake. Saizi moja juu ya MTU inakataliwa na kerneli ya mtumaji yenyewe kabla haijagusa waya, kama inavyopaswa.

Kisha tukaziweka tofauti: X540 kwenye 9000, I350 kwenye 1500. Fremu kubwa hazikufika kwenye programu. `ethtool -S` upande wa I350 ilionyesha `rx_length_errors` inapanda sambamba na pakiti tulizotuma. Hii ndiyo tabia ninayoitaka kwenye kila kifaa: ikishindwa kupokea, iandike. Fundi atakayekuja usiku na tatizo kama letu la siku ya kwanza ataiona hesabu hiyo na kujua pa kwenda.

Kijana alinikuta na swali zuri. Alikuwa amefungua tcpdump kwenye mashine yenye MTU ya 1500 na kuona pakiti za TCP za makumi ya maelfu ya baiti. "Kaka, zimepitaje?" Hazikupita hivyo. Kerneli inaikabidhi kadi bonge moja, na kadi ndiyo inayolikata vipande vya kufuata MTU. Upande wa pili kerneli inaviunganisha kabla tcpdump haijaviona. Ukitaka kuona kilicho kwenye waya:

`ethtool -K eth0 tso off gso off gro off`

Au, vizuri zaidi, nasa kwenye mashine ya tatu kupitia poti ya kioo ya swichi, ile inayonakili pakiti za poti nyingine. Tukazima, na mabonge yakageuka kuwa pakiti za 1500. Ndiyo maana pia napima kwa UDP. TCP ina huruma nyingi: pande mbili zikitofautiana, inachukua kipande kidogo na kuendelea, na kosa la MTU linajificha miezi.

Siku ya 9

RTL8168. Inabeba 9000 bila kupoteza pakiti wala kuvuruga yaliyomo, pande zote. Lakini angalia `ethtool -k` kabla na baada. Kwenye 1500 kadi inakokotoa cheksamu (namba za kukagua makosa) za pakiti zinazotoka. Ukivuka 1500 kiendeshi kinaizima kazi hiyo, pamoja na ile ya kukata mabonge ya TCP, na vyote vinarudi kwa kichakataji. Wala si siri: kiendeshi kinatangaza mashine inapowaka, kwenye `dmesg`, kwamba kwa fremu za jumbo cheksamu ya kutuma haipo.

Maana yake ni kwamba kwenye kadi hii sababu kuu ya kutumia jumbo, kumpunguzia kichakataji kazi, inaliwa na gharama nyingine. Nimeamua mashine yenye Realtek ibaki 1500. Namba kubwa zaidi siyo lazima iwe bora, na hapa sioni cha kupata.

Lebo za VLAN zimepimwa pia leo, kwa ufupi kwa sababu hazikuleta mshangao: kiolesura cha VLAN chenye MTU 1500 juu ya kadi yenye 1500, pingi ya 1472 bila kukatwa. Kadi zote nne zimepitisha fremu ya 1522. Kiendeshi kilichosahau zile baiti nne kingeangusha pakiti zilizojaa tu, na zile zisizojaa zingepita, ugonjwa ambao ni mgumu sana kuugundua.

Siku ya 11

Swichi. Jumbo imewashwa saa tano usiku, baada ya kuwataarifu wote. Mpangilio ni wa swichi nzima, si wa poti, na ulidai iwashwe upya.

I350 na X540 zote kwenye MTU 9216, sasa kupitia swichi. Kwa hesabu ya siku ya 2, fremu nzima 9216 ukitoa 14 na 4 inaacha shehena ya 9198, yaani pingi ya 9170. Tukatuma 9170: ikajibiwa. 9171: kimya. Kijana alipiga meza kwa furaha, na mimi nilifurahi vilevile. Namba iliyotokana na hesabu ya siku tisa kabla imetokea kwenye waya baiti kwa baiti. Hesabu ya fremu zilizozidi kwenye poti ya swichi ilipanda kwa moja kwa kila pingi iliyopotea.

Mashine zote za hifadhi zimewekwa 9000 kamili, si zaidi. Zinabaki baiti 198 za akiba chini ya kikomo cha swichi, na tukija kuweka handaki la VXLAN (pakiti ndani ya pakiti), linalokula baiti 50 juu ya IPv4, tutalipandishia MTU ya chini bila kubadilisha swichi.

Usiku bakapu ikaanza saa nane. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ilikuwa imemaliza. Tukalinganisha sha256 (alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo ya faili) za folda nzima ya ankara, faili kwa faili, pande zote mbili. Zote zinalingana. Nimekwenda uhasibu mwenyewe kumwambia mama.

Siku ya 12

Imebaki Pi, inayokusanya vipimo vya joto la chumba na kuvituma kwa mashine ya hifadhi. Haiwezi kuvuka 1500, na kwenye mtandao mmoja wa tabaka la pili kila mwenyeji lazima awe na MTU ileile. Nimeihamishia VLAN nyingine yenye 1500, na ruta katikati.

Hapa ndipo taarifa ya "pakiti yako ni kubwa mno" inapopata mwenyewe: ruta inatuma ICMP aina ya 3, msimbo wa 4, ikitaja MTU ya hatua inayofuata, kama RFC 1191 ya mwaka 1990 ilivyoweka. Lakini faiawoli ya ruta yetu ilikuwa inazuia ICMP yote. Mtu fulani zamani aliona ni usalama. Nimefungua aina ya 3, na kwa IPv6 aina ya 2, ambayo ni ya lazima zaidi kwa kuwa ruta za IPv6 hazikati pakiti kabisa.

Kipimo cha kwanza baada ya hapo kilituchanganya. Tulijaribu kwa muda kushusha kiungo cha Pi hadi 1400, kisha tukakirudisha 1500, na mashine ya hifadhi ikaendelea kukata kwenye 1400. Kerneli inaikumbuka MTU ya njia kwa sekunde 600. Tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi kijana aliendesha `tracepath` kutoka mashine ya hifadhi kwenda Pi. Mstari wa kwanza: pmtu 9000. Ruta ilipojibu: pmtu 1500. Kisha Pi, imefikiwa kwa hatua 2.